Kifaa gani cha GPS kwa njia za porini? Jibu kwa msomaji anayekwenda Natron

Msomaji wa Morogoro ameniandikia. Ana Prado, na mwezi wa sita shule zikifungwa anataka kumchukua mkewe na watoto wawili wapite Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero kando ya Ziwa Natron, wapande ukuta wa Bonde la Ufa hadi Sale na Wasso, kisha waingie Serengeti kwa upande wa kaskazini. Ameonyeshwa kifaa cha GPS chenye skrini ya inchi saba kwa shilingi milioni mbili. Mwenzake kazini anamwambia asipoteze hela, simu inatosha. Anauliza: "Nani mkweli kati yao? Na huko kusiko na mtandao, GPS inashika kweli?"

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowachanganya wengi. GPS haihitaji mtandao wa simu. Simu yako ina kipokezi kinachosikiliza satelaiti zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na ikizisikia nne kwa pamoja inajua ulipo, Kariakoo au katikati ya mbuga. Simu za siku hizi husikiliza pia satelaiti za Urusi, za Ulaya na za China, kwa hiyo mahali peupe kosa lake ni la mita chache tu. Kinachokatika mtandao ukiisha ni ramani. Kile kitone cha bluu kipo palepale na kiko sahihi, ila kinaelea kwenye skrini nyeupe kwa sababu ramani haikupakuliwa mapema. Jambo moja tu la kuzoea: ukiiwasha GPS ya simu mahali pasipo mtandao, inachelewa kidogo kupata satelaiti. Simamisha gari mahali wazi, iache itulie dakika chache.

Sasa jibu lenyewe. Usinunue hicho cha milioni mbili kwa safari hii. Tumia simu uliyonayo, uipakie ramani vizuri, halafu tafuta kifaa kidogo cha mkononi kinachotumia betri za kawaida za AA, hata kama kimeshatumika. Viende pamoja: simu ikuonyeshe ramani, kile kidogo kikumbuke ulikopita. Nitakueleza sababu, kwa kuwa sababu hiyo itakusaidia hata siku muuzaji atakapokuwekea mezani kifaa ambacho mimi sijakitaja.

Mjini unaitaka GPS ikwambie pinda kulia, pinda kushoto. Porini naitaka inirudishe kwa njia niliyojia. Ukitoka Engaruka kwenda kaskazini, kila dereva anakwepa vumbi la mwenzake, basi barabara inagawanyika kama vidole: mbili, tano, wakati mwingine zaidi ya kumi. Nyingine zinaungana tena mbele, nyingine zinakwisha kwenye boma la mtu. Mchana utaona vumbi la gari jingine, utauona mlima Ol Doinyo Lengai, utajua uelekeo. Usiku huoni kitu.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua za vuli, nilipita hapo asubuhi na wageni wawili kwenda Ngare Sero. Mchana tukageuza kurudi Mto wa Mbu. Kwetu hakikudondoka hata tone, lakini juu ya ukuta wa bonde anga ilikuwa nyeusi. Tukafika kwenye korongo tulilolivuka asubuhi likiwa kavu, tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita yakibeba matawi. Nikazima injini, nikasubiri saa nzima. Maji yakazidi. Nikaamua kurudi kambini, na giza likaingia tukiwa njiani. Kwenye taa za gari njia zote zilifanana. Kifaa kidogo kilichofungwa kwenye dashibodi kilikuwa kimechora mstari wa vitone tangu asubuhi. Niliufuata mstari ule polepole, nikitoka nje kidogo naona, narudi. Saa tatu usiku tukawa kambini. Hakuna sauti iliyoniambia nipinde wapi, wala kifaa kile hakikuwa na ramani ya maana ndani. Kilikuwa na nyayo zangu tu.

Kwa hiyo, kifaa chochote utakachoshika dukani, jaribu kwanza hizo nyayo. Je, kinarekodi chenyewe mara ukikiwasha? Kinahifadhi nyayo nyingi kiasi gani? Unaweza kuigeuza safari na kuifuata kinyumenyume bila kuzama kwenye menyu? Kwa mfano Garmin eTrex 22x, kifaa kidogo kinachojaa kiganjani, hushika nukta 10,000 katika rekodi inayoendelea. Ukikiweka kirekodi nukta moja kila mita 50, hizo ni kilomita 500 kabla ya kuanza kufuta za mwanzo. Ukikiacha kirekodi kila sekunde, nukta hizo zinakwisha ndani ya muda usiofika saa tatu. Kinatumia betri mbili za AA, na mtengenezaji anasema hukaa saa 25. Betri za AA utazipata hata duka la Engaruka, ingawa mimi hubeba zangu nzuri kutoka mjini, kwa kuwa zile za bei rahisi hazimalizi hata nusu siku.

Utaniuliza, simu si inarekodi pia? Inarekodi, na programu za ramani kama OsmAnd hufanya kazi hiyo vizuri. Tatizo ni kwamba simu nyingi za Android zina tabia ya kuzilaza programu ili kuokoa chaji. Dereva mwenzangu alirekodi siku nzima simu ikiwa mfukoni. Jioni alipoifungua, mstari ulikuwa umenyooka kama rula kutoka alipoiweka mfukoni hadi pale aliposimama, ukikata makorongo na vilima. Simu ililala baada ya dakika chache na haikuamka mpaka alipoigusa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kikomo, kisha uijaribu ukiwa nyumbani: anza kurekodi, zima skrini, zunguka mtaa mzima, rudi uangalie. Mstari ukifuata kona zote, uko salama.

Nisikidharau hicho cha inchi saba. Garmin Overlander kilitoka mwaka 2019 kwa bei ya karibu dola 700, kina skrini ambayo hata dereva mwenye miwani anaisoma bila kuinama, na kimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Wapo wengine wa ukoo huo: zūmo XT, ambayo wenye pikipiki wanaipenda, na Montana 700, ambayo unaweza kuichomoa garini ukatembea nayo kwa miguu. Mtu anayeingia porini kila wiki, anayelipwa kwa kazi hiyo, hela yake itarudi. Wewe unakwenda na familia mara moja au mbili kwa mwaka. Milioni mbili hizo zikupatie kwanza tairi la pili la akiba na kompresa ya upepo, maana kule utapata pancha kabla hujapotea.

Ila chunga usije ukauziwa kifaa cha mjini kwa jina la kifaa cha porini. Vile vya kubandika kwenye kioo vilivyotengenezwa kwa ajili ya lami vina mtindo wa kukusogeza kwenye barabara iliyo karibu. Hata gari likiwa mita 80 pembeni, kwenye majani, skrini inaonyesha uko katikati ya barabara. Mjini hilo ni jema, linafuta makosa madogo. Porini ni hatari, kwa sababu unaendelea kuamini. Vifaa vingi vya porini vina mtindo huo pia, lakini unaweza kuuzima. Uzime. Na ukiona neno "moja kwa moja" kwenye uchaguzi wa njia, ujue kifaa kitachora mstari ulionyooka kama anavyoruka kunguru, hakitajali ukuta wa bonde wala tope la magadi. Ukingo wa Natron una ukoko mweupe unaoonekana mgumu. Chini yake ni ute, na gari la tani mbili halitoki humo kwa kusukumwa na watoto.

Jambo jingine la dukani: kama unafikiria kishikwambi badala ya simu, iPad ile ya Wi-Fi peke yake haina GPS ndani. Mtu analipa hela nyingi, anafika Makuyuni, kitone hakisogei. Nunua ile yenye sehemu ya laini, hata kama hutaweka laini yoyote. Vishikwambi vya Android navyo havifanani, hivyo soma maelezo yake kabla ya kutoa hela.

Sasa ramani, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani au Ulaya mara nyingi huja na ramani ya huko. Ukikiwasha Arusha kinakuonyesha barabara kuu mbili na jina la mji. Muulize muuzaji akifungulie mbele yako, akivute hadi Engaruka. Ukiona korongo, njia ndogo, shule na kisima, sawa. Ukiona uwanja mtupu, bei ishuke, au uondoke.

Kwa kanda yetu ramani mbili zinanitosha. Moja ni Tracks4Africa, ya kulipia, iliyoanzia Afrika Kusini na kujengwa kwa nyayo za wasafiri wenyewe waliopita na magari. Inakwambia pia kipande fulani huchukua muda gani kwa kawaida, na hilo ni muhimu kuliko kilomita. Kilomita 60 za huko zinaweza kuwa saa mbili au saa nne. Ya pili ni OpenStreetMap, ya bure, ambayo ndiyo inayotumika ndani ya OsmAnd na Organic Maps, na inaweza kupakiwa hata kwenye vifaa vya Garmin. Kwa vijiji vyetu imekuwa bora mwaka hadi mwaka, kwa jasho la watu wa kujitolea. Crowd2Map Tanzania, kwa mfano, wamekuwa wakichora vijiji tangu mwaka 2015, wakianza kwa ajili ya kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji huko Mara. Ninapoona jina la kitongoji porini kwenye simu yangu huwa nawakumbuka watu hao.

Lakini ielewe ilivyotengenezwa. Sehemu kubwa ya njia ndogo zilichorwa na mtu aliyekaa mbali akiangalia picha ya satelaiti. Njia ya ng'ombe kwenda majini, ikipigwa picha kutoka juu, inafanana kabisa na njia ya gari. Utaifuata kilomita nne, iingie kwenye miiba na kupotelea huko. Ndiyo maana mimi husafiri na ramani zote mbili. Njia ikiwepo kwenye zote, naiamini kiasi. Ikiwepo kwenye moja tu, nasimama nimuulize mchungaji. Muulize swali zuri: usiseme "Hii inafika Ngare Sero?" maana kwa heshima atakwambia ndiyo. Sema, "Gari la mwisho umeliona lini hapa, na lilikwenda wapi?"

Google Maps nayo inapakuliwa, na kwa lami hadi Mto wa Mbu sina ugomvi nayo. Ipakue, uisasishe kabla ya kuondoka. Baada ya hapo usiitegemee peke yake.

Nije kwenye jambo dogo ambalo nimeliona likiwalaza watu njiani kuliko ubovu wa kifaa chochote: jinsi ya kuandika majira ya nukta, yaani zile namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Kambi inakutumia ujumbe: S 2°36.500 E 35°54.200. Unafungua simu unaandika 2.36500 na 35.54200. Kitone kinatua, ramani inaonyesha njia, unaanza safari. Umeshakosea. Ile ya kambi ilikuwa digrii 2 na dakika 36.5, na digrii moja ina dakika 60, siyo 100. Kwa mtindo wa desimali ilitakiwa iwe 2.60833 na 35.90333. Ulichoandika wewe kiko karibu kilomita 48 kaskazini-magharibi ya kambi, juu ya ukuta wa bonde, na kati yako na kitanda chako kuna mteremko mkali wa kona za kupinda na kupinduka. Nilimkuta bwana mmoja na familia yake katika hali hiyohiyo saa kumi na mbili jioni, mtoto analia, mafuta yako robo.

Na usisahau kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta. Simu nyingi hutaka alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza: -2.60833. Ukiisahau, kitone kinaruka kwenda upande wa pili wa ikweta, kilomita zaidi ya 570, huko Turkana nchini Kenya. Hilo angalau unaligundua mara moja. Kosa la dakika na desimali ndilo linalokudanganya, kwa sababu linakupeleka karibu. Basi ukishaandika, pima: kambi inasema iko umbali gani kutoka Mto wa Mbu, na kifaa kinasema umbali gani? Zisipolingana, usiwashe gari.

Ukiamua kubeba ramani ya karatasi, na mimi nakuombea uibebe, zile za zamani za serikali za 1:50,000 zilichorwa kwa kipimo cha umbo la dunia kinachoitwa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Ukihamisha namba kutoka karatasi kwenda kwenye kifaa bila kubadilisha kipimo hicho kwenye mipangilio, utakosea kwa mita 300 hivi. Kwenye uwanda si neno. Kwenye kivuko cha korongo, mita 300 ni tofauti ya kuvuka na kuangukia. Pia mistari ya gridi kwenye karatasi hizo ina kanda, kila kanda na hesabu yake ya namba, na ukitoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu unavuka mpaka kutoka kanda ya 37 kuingia ya 36. Namba ileile ya mashariki ina maana mbili pande mbili za mpaka huo, hivyo andika kanda kila mara.

Umeme na kufunga, kwa haraka. Usiutegemee ule mpira wa kunyonya kioo unaoshikilia kifaa. Vumbi na joto vitauachisha, na barabara yenye makunyanzi itaumalizia. Funga kishikio cha skrubu kwenye dashibodi. Tundu la kiberiti cha sigara nalo hulegea kwa mtikisiko, chaja inakatika bila wewe kujua, kwa hiyo mwambie fundi umeme akuvutie waya wa peke yake wenye fyuzi. Simu usiiweke juani nyuma ya kioo: Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na dashibodi ya Natron saa saba mchana inapita hapo mbali. Simu itafifia, kisha itazima. Iweke mbele ya tundu la hewa ya baridi. Kile cha mkononi kinavumilia zaidi, na ukikuta kimeandikwa IPX7 maana yake kinaweza kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa kisiharibike, kwa hiyo chai iliyomwagika haitakisumbua.

Neno moja zito kwa kuwa una watoto. GPS inapokea tu, haitumi. Hakuna mtu mahali popote anayekuona kwa sababu kifaa chako kimewaka. Nimesikia watu wazima wakisema, "Tukikwama watatuona kwenye satelaiti." Hawatawaona. Ukitaka kutuma ujumbe kutoka pasipo mtandao unahitaji kifaa kingine, mfano Garmin inReach, kinachotumia satelaiti za Iridium na hulipiwa kwa mwezi. Kama bajeti haifiki huko, mwachie mtu Morogoro karatasi yenye njia yako, kambi zako na majira yake ya nukta, na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu kambini.

Na ukishaingia hifadhini, zima kabisa wazo la kutoka nje ya njia. Serengeti kufanya hivyo ni kosa, na majani yale yanaumia.

Kabla ya mwezi wa sita, fanya zoezi moja. Jumamosi asubuhi ingia kwenye njia za vumbi pembeni ya Morogoro usizozijua, simu ikiwa imezimwa mtandao kabisa, kile kidogo kikirekodi. Zunguka saa mbili, kata kona bila mpango. Kisha rudi kwa nyayo zako mwenyewe bila kumuuliza mtu, na umpe mama watoto ashike kifaa. Wewe macho yawe barabarani. Kubalianeni maneno machache kabla: "tuko kwenye mstari," "tumetoka kushoto," "tumetoka kulia," "simama." Mwambie pia kwamba kifaa kisicho na dira ya ndani hakijui uelekeo gari likisimama, mshale utazunguka ovyo, hivyo msogee mita 20 ndipo ausome. Akiwarudisha nyumbani siku hiyo, mwachie kazi hiyo hadi Wasso.